Yungiyungi la Mama na Hisa za Mirathi

 

 Wiki hii nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya ua la majini liitwalo yungiyungi: namna linavyotunzwa na namna linavyogawanywa. Huenda wapo watakaostaajabu kuona mtu ambaye kazi yake ni darsa na mirathi anashika kalamu kuandika habari za maua. Mambo haya mawili yalikutana nyumbani kwetu Lamu ndani ya hodhi moja, na niliyoyaona humo yamenisaidia kuwaeleza watu jambo ambalo kwa miaka mingi nilikuwa nikilieleza kwa hesabu peke yake. Nimewaomba ndugu zangu ruhusa ya kuyaandika, nao wameridhia kwa sharti nisiwataje majina.

Yungiyungi ninalolikusudia ni lile la samawati, lenye petali nyembamba zilizochongoka na kiini cha manjano. Ni mmea wa kwetu Afrika. Wataalamu wa mimea huliita Nymphaea nouchali, na aina yake mojawapo imepewa jina la Zanzibar, zanzibarensis. Jani lake ni la mviringo, lina mkato unaofika hadi kikonyoni, nalo hulala juu ya maji. Ua husimama juu ya uso wa maji, likafumbua jua linapopanda na kufumba wakati wa alasiri, na hufanya hivyo kwa siku tatu au nne tu. Kisha kikonyo hujikunja na kulivuta chini, na tunda hukomaa humo humo majini. Mbegu zikitoka huelea kwa muda, zikachukuliwa na maji, ndipo zikazama mahali pengine. Chini kabisa, ndani ya tope, kuna kiazi. Bwawa likikauka wakati wa kiangazi, majani hufa, lakini kiazi hubaki hai ndani ya tope kikingojea mvua.

Babu yetu mzaa mama, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na mashua iliyokuwa ikienda Kipini, pale Mto Tana unapomwagika baharini. Nyuma ya Kipini, katika mabwawa ya mto, mayungiyungi humea yenyewe. Safari moja alirudi na viazi viwili ndani ya kikapu kilichojaa tope, akampa mama, naye akavipanda katika hodhi iliyokuwa uani. Hodhi ile ilijengwa kwa mawe na chokaa, urefu wake dhiraa tano, upana wake dhiraa tatu, na kina chake kilimfika mtoto kiunoni. Mama aliitunza kwa zaidi ya miaka thelathini.

Wasiozoea nyumba za Lamu watauliza: je, maji yaliyosimama hayazai mbu? Huzaa, tena upesi. Katika joto letu hili, yai la mbu hufikia kuwa mbu kamili kwa muda wa siku saba hadi kumi hivi. Lamu haijasahau mwaka 2004, homa ya chikungunya ilipoingia watu wakashindwa hata kusimama kuswali kwa maumivu ya viungo. Mwaka ule ulikuwa wa ukame, watu walihifadhi maji majumbani, na mbu wa homa ile huzaliana katika vyombo vya maji vya nyumbani. Mombasa nayo imepatwa na homa ya dengi mwaka 2013 na tena 2017, na dengi huletwa na mbu huyo huyo. Wazee wetu walikuwa na dawa yao: ndani ya birika la chooni waliweka visamaki vidogo, navyo hula viluwiluwi vya mbu kabla havijaota mbawa. Mama alifanya vivyo hivyo katika hodhi ya yungiyungi. Visamaki hupenda kujificha chini ya majani, na majani yakilifunika eneo kubwa la maji, jua halipenyi sana na ukoga wa kijani hupungua. Kwa hivyo ua, samaki na maji vilisaidiana.

Akina mama wamekuwa wakiniuliza pia kama maji ya hodhi kama ile yanafaa kwa udhu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kama wanafunzi wa Safina wanavyojua, maji yakifika kula mbili huitwa mengi, na hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi isipokuwa yabadilike rangi, ladha au harufu. Kula mbili ni chombo cha mraba chenye dhiraa moja na robo kwa urefu, upana na kina, yaani kama sentimita 60 kila upande, ambayo ni lita mia mbili na kidogo. Na maji yaliyobadilika kwa kukaa sana, kwa udongo wake au kwa ukoga unaoota humo, yamebaki twahara na yanatwaharisha. Basi majani ya yungiyungi hayawaharibii udhu wenu. Lakini maji mnayokusudia kuyaingiza kinywani yachoteni kwingine, kwa kuwa twahara ni jambo moja na usalama wa tumbo ni jambo jingine.

Mama alifariki baada ya kuugua miezi miwili. Baba alikuwa ametangulia zamani. Tulibaki watoto wanne: dada yetu mkubwa, ambaye ni mjane; mimi; dada yetu wa pili; na ndugu yetu mdogo wa kiume. Mali aliyoiacha mama ilikuwa nyumba ile ya mawe na vitu vya ndani. Mwenye kujua faraidhi kidogo ataona kuwa hesabu yake ni nyepesi. Yakishatolewa maziko, madeni na wasia usiozidi theluthi, kinachobaki hufanywa mafungu sita: kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja. Kwa sababu mimi ni mrithi, sikutaka kuwa mgawaji katika jambo linalonihusu. Tulimwomba sheikh mwingine, akaandika hesabu hiyo kwenye karatasi moja, na kazi yake ikamalizika kabla kahawa haijapoa.

Karatasi ile ilikaa kabatini miaka sita.

Ndugu yetu mdogo alikuwa akiishi katika nyumba ile pamoja na mkewe na watoto, na ndiye aliyemuuguza mama. Hakukataa kugawa. Kila ulipotajwa mgao alisema "subirini kidogo," mara watoto wako shuleni, mara biashara ni mbovu, na maneno yake yote yalikuwa ya kweli. Dada mkubwa naye alikuwa akiishi chumba cha kupanga na mabinti wawili wanaosoma. Sudusi moja ya nyumba ile ingemtengenezea maisha. Lakini hakudai. Nilipomuuliza alinijibu, "Nitamtoaje ndugu yangu nyumbani kwa mama? Watu watasemaje?" Basi akanyamaza, na kunyamaza kukageuka uzito, na uzito ukageuka kutotembeleana. Akawa hafiki nyumbani hata siku za Idi. Watoto wa ndugu hawa wawili walikuwa wakipishana katika vichochoro vya mji mmoja bila ya kuamkiana vizuri.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu jambo hili naliona katika kila mji ninaofika. Warithi waliobaleghe na wenye akili timamu wana haki ya kusameheana hisa zao. Mwenye fungu akilitoa kwa moyo mkunjufu, ni wema ulioje. Lakini kunyamaza kwa mwanamke kwa sababu ya haya si kusamehe. Wanazuoni wetu wameifananisha haya na upanga, wakasema kuwa mali inayochukuliwa kwa upanga huo ina hukumu ya mali iliyoporwa. Ndugu wa kiume anayeona dada yake yuko kimya asijipe matumaini kuwa ameridhia. Na amuulize faraghani, na amuulize baada ya kumweka mkononi kilicho chake, kwa maana mtu hawezi kutoa kitu ambacho hajakipokea.

Turudi kwenye hodhi. Mwezi wa Machi, mwaka wa sita baada ya mama kufariki, nilikwenda Lamu kuhudhuria ndoa. Nilipopita uani sikuliona ua hata moja. Majani yalikuwa mengi kiasi cha kutouona uso wa maji, lakini yalikuwa madogo, na yale ya katikati yalikuwa yameinuka juu ya maji yakisukumana, kama watu waliokosa nafasi ya kukaa. Kingo zao zilikuwa za manjano. Maji yalinuka tope bovu. Shemeji yangu, mke wa ndugu yetu, alisema alikuwa akitia maji kila siku na hajui afanye nini zaidi. Alidhani mmea umezeeka. Anayejua namna ya kulitunza yungiyungi lile alikuwa mmoja tu, naye ni dada mkubwa, kwa kuwa tangu utotoni ndiye aliyekuwa akimsaidia mama. Na dada mkubwa alikuwa haji nyumbani.

Shemeji yangu, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, hakunituma mimi wala mumewe. Alivaa buibui akaenda mwenyewe, akamwambia wifi yake, "Dada, ua la mama linakufa, na mimi silijui." Asubuhi ya pili dada mkubwa alikuja na mabinti zake, amejifunga leso mbili na kisu mkononi. Hakusalimiana na ndugu yetu ila kwa salamu ya sharia. Akatazama hodhi, akasema, "Halikuzeeka hili. Limesongamana. Mama alikuwa akiligawa kila mwaka wa tatu."

Nitaeleza sasa alivyofanya, ili mwenye yungiyungi nyumbani naye aweze kufanya.

Wakati wake ni mwisho wa kaskazi, kabla ya mvua za masika, ili vipande vipya vipate mvua na jua kwa pamoja. Kwanza tuliyapunguza maji kwa ndoo hadi yakabaki kiasi cha shubiri moja, na visamaki tukavihamishia katika beseni lenye maji yale yale ya hodhi, kwa kuwa maji mageni huwaua. Kisha dada aliingiza mikono ndani ya tope, akazunguka fundo la mizizi taratibu, akalinyanyua zima. Lilikuwa kubwa kama sinia la watu wanne. Tulilimwagia maji mpaka tope likaondoka na viazi vikaonekana.

Pili, aliyakata majani yote makongwe na mizizi mirefu, akaacha katika kila shina majani mawili au matatu yale machanga yaliyo katikati. Watu hudhani ni ukatili, lakini kipande kilichotoka kugawanywa hakina mizizi ya kulisha majani mengi.

Tatu, alitafuta macho. Kila mche una jicho, yaani ncha pale majani mapya yanapotokea. Kiazi cha zamani kinapokaa miaka mingi huzungukwa na viazi vichanga, na kila kimoja hufanya jicho lake. Vile vilivyolegea alivitenganisha kwa mkono. Vile vilivyogandamana alivikata kwa kisu kisafi chenye makali. Sheria yake ni moja, na alituambia kwa sauti ya mwalimu: kila kipande lazima kiwe na jicho na kiwe na mizizi yake. Kipande kikubwa kisicho na jicho kitaoza hata ukikipenda vipi, na jicho lisilo na mizizi litadhoofika. Kilicho kigumu na chenye nyama nyeupe ni kizima. Kilicho laini, cheusi na chenye harufu mbaya hukatwa na kutupwa, usikionee huruma, kwa sababu kitaozesha na jirani yake. Muda wote huo vipande vilivyokuwa vikingoja zamu vilifunikwa kwa gunia lililolowa, kwani mizizi ya majini ikipigwa na jua kwa muda mfupi tu hukauka.

Nne, udongo. Udongo mwepesi wenye mboji hufaa mabiringani, lakini majini huelea na kuoza. Yungiyungi hutaka udongo mzito wa mfinyanzi, ule ambao ukiufinyanga hushikana. Chini ya chombo aliweka konzi mbili za samadi ya ng'ombe iliyokwisha kuoza kabisa, juu yake udongo wa mfinyanzi, kisha akakipanda kiazi jicho likichungulia juu ya udongo, lisizikwe. Mwisho alitandaza kokoto ili samaki wasichimbue. Alitumia makarai mapana ya plastiki, maana mizizi hupenda upana kuliko kina.

Tano, kuzamisha. Karai halitumbukizwi chini mara moja. Dada aliweka matofali ndani ya hodhi, akaweka makarai juu yake ili maji yafunike udongo kwa nusu shubiri tu. Majani yanaporefuka, tofali moja huondolewa, kisha jingine, hadi mmea ukazoea kina chake, ambacho kwa yungiyungi kama hili ni shubiri mbili hivi juu ya udongo.

Tulipomaliza kuhesabu, fundo lile moja lilikuwa limetoa miche tisa iliyo mizima. Ndugu yetu mdogo, ambaye asubuhi nzima alikuwa akichota maji bila ya kusema neno, ndipo akauliza, "Sasa hii miche ni ya nani?"

Swali lilikuwa jepesi, lakini sote tulinyamaza. Kwa hakika miche ile nayo ilikuwa mali ya mama, na ilikuwa na mafungu sita kama nyumba. Dada wa pili, aliyekuja kutoka Malindi kwa ajili ya ndoa ile, alicheka akasema, "Sheikh, usituambie utatoa karatasi." Nikawaambia karatasi ipo kabatini na hesabu yake inajulikana, lakini wote hapa ni watu wazima, na aliyetaka kutoa zaidi au kuchukua pungufu kwa radhi yake, mlango uko wazi. Ndugu yetu mdogo akachukua miche mitatu iliyonona kuliko yote akaiweka mbele ya dada mkubwa. Akasema, "Wewe ndiye uliyeiokoa." Dada mkubwa akaitazama, kisha akasema neno ambalo sitalisahau: "Mdogo wangu, mimi sikutaka ziada. Mimi nilitaka fungu langu."

Hakuna aliyekuwa na shaka kuwa hazungumzii miche.

Ndugu yetu aliinamisha kichwa. Hakujibu siku ile. Miche tukaigawa: miwili miwili kwa kila mmoja wa ndugu watatu, dada mkubwa akachukua miwili na kumwachia shemeji yetu mmoja uwe wake mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyekuja kumwita. Hivyo hodhi ilibaki na miche mitatu badala ya fundo moja, na kila mmoja wetu akaondoka na karai lake limefungwa kwa gunia bichi. Nami nilisafiri na langu kutoka Lamu hadi Mombasa, abiria wenzangu wakidhani nimebeba kaa.

Wiki ile ile ndugu yetu alimpigia simu sheikh aliyeandika ile karatasi, akamwomba aje na mtu wa kuithamini nyumba. Hakuwa na fedha za kuzinunua hisa za dada zake kwa mara moja, wala sisi hatukutaka nyumba iuzwe kwa mgeni. Tulikubaliana kwa maandishi na mashahidi kuwa atazilipa hisa za dada wawili kwanza, kwa awamu, na mimi nitangoje mwisho. Ilimchukua mwaka mmoja na nusu. Dada mkubwa amejenga vyumba viwili na ukumbi kwa fedha ile. Siwezi kusema kuwa kila kitu kimerudi kama zamani, maana miaka sita ni miaka sita. Lakini Idi iliyopita alikula chakula cha mchana katika nyumba ya mama, na mabinti zake waliwasuka nywele watoto wa mjomba wao.

Ama miche, saba kati ya tisa imetoa maua. Miwili aliyopelekewa dada yetu wa Malindi ilikufa, kwa kuwa kisima cha nyumba anayopanga kina chumvi, na yungiyungi halivumilii chumvi. Dada mkubwa amekwisha mwahidi mche mwingine mwaka wa tatu utakapofika, naye ameanza kuweka pipa la kukingia maji ya mvua.

Nimalizie kwa mambo machache ya utunzaji, kwa faida ya mwenye kutaka kuanza.

Maji bora ni ya mvua. Maji ya bomba yenye dawa yaacheni wazi juani siku moja au mbili kabla ya kuyatia, hasa mkiwa na samaki. Maji ya kisima yaonjeni kwanza, kwani visima vingi vya pwani vina chumvi. Mmea huu hutaka jua la saa sita kwa siku au zaidi. Kivulini utapata majani bila maua. Jani likigeuka manjano likateni chini kabisa ya kikonyo, lisiozee majini. Maua yakipungua na majani yakawa madogo ilhali hayajasongamana, huenda ni njaa: zungushieni samadi iliyooza konzi moja katika kitambaa, muisukume ndani ya udongo mbali kidogo na jicho, wala msiimwage majini kwa sababu itazaa ukoga.

La pili ni watoto. Mtoto anayetambaa anaweza kuzama katika maji ya kina cha kiganja. Mwenye mtoto mdogo na afunike hodhi au beseni kwa wavu wa chuma uliofungwa imara, au angoje mpaka mtoto akue. Ua haliwi sababu ya msiba.

La tatu ni kutofautisha. Kuna mmea mwingine wenye maua ya zambarau yaliyokusanyika kama mkungu, na vikonyo vilivyovimba kama vibofu, huelea bila ya kushika udongo. Huo ni gugumaji, mgeni kutoka Amerika ya Kusini, ambao katika miaka ya 1990 ulifunika sehemu kubwa za Ziwa Victoria na kuwazuia wavuvi. Usiuchukue kwa uzuri wake, wala usimwage mimea ya hodhi wala samaki wake mtoni au bwawani. Kilichozidi mpe jirani, au kiache kikauke juani.

Na la mwisho. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa anapopanda Muislamu mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Hodhi ya mama imewalisha nyuki na imewaondolea jirani mbu kwa miaka mingi, nasi tunatumaini thawabu zake zinamfikia. Kaskazi inaelekea ukingoni. Mwenye yungiyungi na alitazame kama limesongamana. Na mwenye karatasi ya mirathi kabatini na aitoe, aisome mbele ya ndugu zake wote, wa kiume na wa kike, kabla masika hayajaingia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotangulia, aunge yaliyokatika baina yetu, na atupe wepesi wa kumfikishia kila mwenye haki haki yake. Wabillahi tawfiq.